Taja Mabaya, Kisha Ulale

Hapa Dar ukianza kutaja mabaya yanayoweza kutokea, hukosi wa kukukata kauli: "Acha uchuro wewe!" Mimi nayataja. Tena nayataja mezani, nyumba nzima ikisikia, kwa sababu hofu ya siasa huniumiza zaidi nikiibeba kichwani bila kuifikisha mwisho.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na jioni yake jiji likawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12. Watu walikufa. Intaneti ilianza kurejea Novemba 3. Ilipokaribia Desemba 9, sherehe za Uhuru zikafutwa na tukaambiwa asiye na dharura abaki nyumbani. Anayesema hofu hizi tunajitungia, ama hakuwepo, ama ana genge la mboga sebuleni kwake.

Dawa yangu ni swali moja: halafu? Intaneti imezimwa. Halafu? Sitampata mdogo wangu kule Chanika. Halafu? Hapo ndipo pa kukubaliana mapema: jioni ikimkuta kwa rafiki, alale hukohuko, na mimi sitoki kumtafuta. Namba zetu aziandike kwenye daftari. LUKU inunuliwe kabla mita haijaanza kulia. Dawa za presha za mama zisingoje vidonge viwili vya mwisho. Jirani mjamzito amuulize dereva wa bajaji leo, mchana kweupe: uchungu ukianza saa 3 usiku na barabara zimefungwa, utanibeba? Akikataa, ajue zahanati ipi anaweza kuifikia kwa miguu, na kama huko wanazalisha usiku.

Ila "halafu" zikinifikisha uchaguzi wa 2030, nasimama. Hapo hakuna ninachopanga tena, najitesa tu. Naweka simu chini nikalale.

Kuna ushauri mmoja siukubali, ule wa kujaza ndani chakula cha mwezi mzima. Huo ni wa wenye mshahara. Mama ntilie wa Tandale ananunua unga wa kesho kwa mauzo ya leo. Gunia la akiba alitoe wapi? Akiba yake ni watu: Mangi anayemwandika kwenye daftari la madeni, jirani wa ukuta mmoja, wenzake wa kikoba. Basi apange nao, hata kama ni kukubaliana tu kwamba fedha za kikoba zisikae zote kwenye simu, maana mawakala wakifunga, salio halinunui hata nyanya. Na ninyi wenye friji mbili, siku amri ikitangazwa, mgongeeni mlango kwanza, ndipo mrudi kuhesabu katoni zenu za maji.