Simulizi za simu zinamjenga msomaji au zinambomoa?

Kila yanapozuka mazungumzo ya usomaji hapa Mtwara, hukumu hutolewa mapema: vijana hawasomi. Mwalimu mmoja wa Kiswahili ninayemheshimu sana anakwenda mbali zaidi. Anasema afadhali wasisome kabisa kuliko kusoma simulizi za mapenzi, uchawi na ujasusi zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwani zinawazoesha Kiswahili kibovu na kuwaharibia ladha ya riwaya za maana. Upande wa pili wapo wasomaji wenyewe, wengi wao akina dada wa sokoni na vijana wa bodaboda, ambao hawaoni kosa lao liko wapi. Mimi nimekua na riwaya pendwa mkononi, zile za kusisimua zinazosomwa kwa burudani, na zile nzito ambazo wasomi huziita riwaya dhati nazisoma pia. Naona mwalimu ana hoja nzito, ila ameielekeza pasipo pake.

Jirani na Soko Kuu yupo dada anayekaanga mihogo. Simu yake, yenye kioo kilichopasuka pembeni, huwa ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Mteja akiondoka, anafuta kidole kwenye kanga na kuendelea pale alipoishia. Siku niliyokaa naye alikuwa kwenye sehemu ya 47 ya kisa cha mke aliyerogwa na wifi yake. Alikuwa anasoma haraka, macho hayabanduki. Mahali fulani akasita, akarudi juu, akaniambia, "Kaka, huyu mwandishi kachoka. Jana mdogo wake alikuwa Salma, leo kawa Zuhura." Kisha akanieleza kwa nini haamini kwamba yule mume angesamehe upesi vile: sehemu za mwanzo zilimwonyesha kuwa mtu wa kinyongo, na mtu wa kinyongo habadiliki kwa machozi ya siku moja. Huo ni uchambuzi wa wahusika, na umefanywa na mtu ambaye hakuna aliyemtuma.

Sasa mtazame mwanafunzi wa kidato cha nne. Ana riwaya zake teule, lakini nakala shuleni ni chache na darasa limejaa. Anachokuwa nacho mkononi ni kijitabu cha uchambuzi: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, fani na maudhui, vyote vimeshatafunwa. Anakariri, anajibu mtihani, anafaulu, na riwaya yenyewe hajaifungua. Simlaumu, kwa sababu mfumo wa mitihani umemfundisha kwamba hilo linatosha. Lakini mwalimu anapoilinganisha simulizi ya simu na riwaya teule, ajue analinganisha kitu kinachosomwa kila siku na kitu ambacho wengi wanakijua kwa muhtasari.

Dharau hii kwa hadithi za kusisimua haikuanza na simu. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, alitupa Bwana Msa, mpelelezi wa kubuni ambaye leo anajadiliwa vyuoni kwa heshima zote. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, haikuwa hata riwaya pendwa, lakini ilizuiwa mashuleni kwa kuonekana ya aibu, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Hukumu za namna hii tumewahi kuzitoa, tukazifuta.

Miaka hiyohiyo ya 1970, na baadaye ile ya 1980, ndiyo iliyowapa wasomaji mashujaa wa kubuni wa hadithi za kijasusi na upelelezi, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, katika vitabu vilivyopokezanwa hadi majalada yakang'oka. Nchi ilikuwa kwenye vita vya kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha Masasi, hapa mkoani kwetu, ikawa miongoni mwa wilaya 6 zilizotakiwa kumaliza tatizo la kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Mfikirie mkulima wa korosho aliyejifunza herufi ukubwani, jioni, kwa taa ya chemli. Kisomo kilimpa uwezo wa kusoma. Hamu ya kufungua ukurasa unaofuata ilibidi itoke kwingine, na naamini kwa wengi ilitoka kwenye vitabu vilivyodharauliwa.

Hata hivyo mwalimu ana haki katika mambo mazito, na sitaki kuyapita kwa kuwa tu nazipenda hadithi hizi.

Lugha ni la kwanza, nalo halihitaji maneno mengi. Kitabu cha kuchapishwa huwa na nafasi ya kupita kwa mhariri kabla ya kumfikia msomaji. Simulizi ya simu huandikwa usiku ikarushwa asubuhi, na unakutana na "hafadhali", "kuraramika", nukta zisizokuwepo na aya ndefu isiyo na pumzi. Mtu asiyesoma kitu kingine kwa miaka atayachukua hayo kuwa ndiyo Kiswahili.

Kubwa zaidi, na mwalimu halitaji kabisa, ni kwamba simulizi hizi hazina mwisho. Mwandishi analipwa kwa sehemu. Za mwanzo anatoa bure, kisha linakuja tangazo: tuma Sh 1,000 upate mwendelezo. Sioni ubaya wa yeye kulipwa. Ni kazi, na akiuza kisa kizima kwa pamoja, PDF yake itazunguka bure nchi nzima kabla hajamaliza kuhesabu alichopata. Lakini malipo ya namna hiyo yanabadilisha umbo la hadithi. Kila sehemu lazima ikatike pabaya: mlango unagongwa, bastola inatolewa, mume anaingia ghafla. Kisa kinapokaribia tamati anatokea pacha aliyefichwa, aliyezikwa anaonekana Morogoro akiwa hai, na sehemu ya 60 inakuwa ya 120.

Kukatisha hadithi ni hila kongwe, na Alfu Lela u Lela imejengwa juu yake: mke wa mfalme anaahirisha kifo chake usiku hadi usiku. Ila mle kisa kilichokatishwa usiku mmoja hukamilika usiku mwingine, ndipo kipya kinaanza. Bibi zetu wa Kimakonde na Kimwera nao walituacha na hamu, lakini sungura alifika mwisho wa mkasa wake. Riwaya pendwa za zamani zilikuwa na kurasa chache na mwandishi alijua hana pa kupotezea. Msomaji akifunga ukurasa wa mwisho, anaweza kurudi nyuma na kumdai mwandishi: ushahidi huu ulikuwa wapi? Huyu muuaji ulimwonyesha mapema, au umemchomoa tu dakika za mwisho? Hapo ndipo mtu anapojifunza kwamba hadithi ina mjengo na kwamba kila kilichowekwa ndani kinapaswa kuwa na kazi yake. Simulizi isiyoisha inamnyima msomaji somo hilo, hata kama amesoma sehemu mia. Dada wa mihogo mwenyewe ana visa kadhaa alivyovitelekeza njiani. "Nilichoka kusubiri, nikahamia nyingine," anasema, wala hajui yule mke aliyerogwa mwaka jana aliishia wapi.

Lipo jingine linaloniuma mimi kama mtu wa kusini. Katika nyingi ya hizo nilizosoma, matukio yako Dar es Salaam, kwenye majumba ya Masaki na Mbezi, na sisi tunaingia kama mlinzi wa getini, msichana wa kazi au mganga. Ni nadra kukutana na binti wa Mikindani mwenye penzi lake na mashaka yake. Na hali utajiri wa visa umelala hapa. Uchukue msimu wa korosho peke yake: salfa ya kupulizia mikorosho inayogombaniwa, mzigo unaopimwa kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, stakabadhi ya mzigo uliowekwa ghalani, mnada unaosubiriwa na kijiji kizima, wanunuzi wa magendo, wa kangomba, wanaopita usiku wakinunua kwa kisado kwa mtu aliyebanwa na ada ya mtoto. Ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji. Mwandishi wa upelelezi atake nini tena? Lawama hii inawahusu wachapishaji na waandishi wenye majina pia, lakini hawa wa simu ndio wenye wasomaji wengi leo, na baadhi yao wanaandika wakiwa hukuhuku kwetu.

Tukirudi kwa mwalimu, hoja yake inasimama juu ya dhana moja: kwamba simulizi zikiondoka, msomaji atahamia kwenye riwaya nzuri. Atahamia wapi? Maduka mengi ya vitabu mjini yanauza vitabu vya kiada, madaftari na vitabu vya dini. Misheni ya Ndanda ina uchapaji wa miaka mingi, lakini kazi yake kubwa ni vitabu vya dini. Riwaya mpya utaiagiza Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550, kwa Sh 15,000 hivi na ya kifurushi juu yake. Kwa mtu anayesubiri pesa ya mnada wa mwezi wa kumi na moja, hiyo haiingii kwenye hesabu za mwezi wa sita. Maktaba ya mkoa ipo mjini, lakini haimfikii mtu wa Tandahimba au Nanyumbu, na kwa muuza mihogo saa za ofisi ndizo saa za biashara. Kilichomfikia ni simu na bando. Ukimnyang'anya hicho, hujampa Kezilahabi. Umemwacha hana kitu.

Kwa hiyo nasema simulizi zinamjenga msomaji, tena kwa nguvu, ila zinamfikisha mahali na kumwacha hapo. Zinampa kasi, hamu na jicho la kumshuku mwandishi. Zinamnyima mwisho, na lugha iliyopigwa msasa. Daraja linalokosekana naliona ni riwaya pendwa kamili, fupi, iliyohaririwa, inayouzwa kwa bei ya sahani ya pilau. Nilimwazima dada wa mihogo kitabu kimoja cha Joram Kiango, kilichochakaa mgongo. Alikirudisha kikiwa na alama za mafuta, na malalamiko: muuaji alikuwa amemjua kabla ya katikati, na anaona mwandishi alimficha kwa uzembe. Tukabishana, kila mmoja akifunua kurasa zake, hadi wateja wakapanga foleni.

Mwalimu nimempelekea hoja hizi zote. Kwenye lugha hajanisogelea hata hatua, na sikutegemea anisogelee. Tumekubaliana jambo moja tu: wanafunzi wake wa kidato cha pili waje na simulizi yoyote wanayoifuatilia kwenye simu za nyumbani, kila mmoja aiandikie sehemu ya mwisho, kurasa mbili, kwa Kiswahili sanifu, na bila kumfufua mtu yeyote.