RL na RL Targa Florio: Ndugu wa Damu au Jina Tu?

Wapenzi wa Alfa Romeo za zamani wana ubishi usiokwisha: gari lililoshinda mbio za Targa Florio, kisiwani Sicilia, mwaka 1923 lilikuwa RL ile ile, gari la barabarani la matajiri, iliyovuliwa bodi, au lilikuwa gari jingine lililoazima jina?

Wanaosema ni gari lile lile wana hoja nzito. RL iliyosanifiwa na Giuseppe Merosi, na iliyotengenezwa kuanzia 1922 hadi 1927, ilikuwa na injini ya silinda 6 za mstari mmoja, valvu zikiwa juu na kusukumwa na fito kutoka kamshafti (shafti inayofungua valvu) iliyo chini. RL Normale ilikuwa na cc 2,916 na nguvu farasi 56. Super Sport ilikuwa na cc 2,994 na nguvu farasi 83. Ya mbio, RLTF (yaani RL Targa Florio), ilianza na cc 2,994 hizo hizo na nguvu farasi 88. Farasi 5 za ziada hazimshindishii mtu mbio za Sicilia.

Kilichoshinda ni wepesi. RLTF ilikuwa na kilo 980 hivi, karibu nusu ya RL ya kawaida. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ilikuwa meta 2.88, wakati Normale ilikuwa na 3.44. Njia ya mbio hizo, katika milima ya Madonie, ilikuwa na kilometa 108 za kona na milima, ikizungukwa mara 4, jumla kilometa 432. Huko kila kilo unayoiacha nyumbani inaokoa tairi, na zaidi breki, kwa sababu RL za mwanzo zilikuwa na breki za nyuma peke yake. Kuteremka mlima na tani karibu mbili kwa breki za magurudumu mawili ni kuomba balaa.

Lakini fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) uangalie chini, ndipo hoja hiyo inapoyumba. Krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ya RL ya barabarani imeshikwa na meni beringi 4, yaani beringi kuu zinazoibeba. Maana yake kila baada ya silinda mbili ndipo kuna beringi moja, na katikati chuma kinaning'inia. Kwa mwendo wa kumpeleka bwana mkubwa opera, hakuna shida. Ukiizungusha kwa nguvu saa saba mfululizo, shafti inaanza kupinda na kurudi, metali laini ya beringi inapasuka, oili inavuja pembeni, presha inashuka, na kelele ya kugonga inafuata. RLTF ilipewa meni beringi 7, kila mkono wa kranki ukishikwa pande zote mbili. Hilo halifanywi kwa kupunguza uzito: krankkesi (sanduku la injini linaloshika shafti) na shafti vyote vinasanifiwa upya. Ndiyo sababu mwaka 1924 injini hiyo ilifikishwa hadi cc 3,620 na nguvu farasi 125.

Katika mbio za 1923, dereva Ugo Sivocci alimaliza wa kwanza kwa saa 7 na dakika 18, akiwa na alama ya klova (mmea mdogo) ya kijani ya majani manne kwenye boneti. Mwenzake wa RLTF, Antonio Ascari, alikuwa anaongoza mpaka gari lake lilipozimika karibu kabisa na mstari wa mwisho, akaishia wa pili. Kwa hiyo hata injini ya mbio haina kinga ya kila kitu.

Kwangu mimi, juu ni ndugu, chini ni wageni. Na deni halikwenda upande mmoja: Super Sport ilitoka 1925, baada ya RLTF, kwa hiyo mnunuzi tajiri ndiye aliyefaidi kilichojaribiwa mlimani.

Ubishi huu una bei yake leo, maana kuna RL za barabarani zilizokatwa chesisi na kuvishwa bodi ya Targa Florio. Wanaotetea kazi hiyo wanasema bodi asili ilishaoza, na gari linalotembea ni bora kuliko mabaki ghalani. Ni kweli, ikiwa mwenye gari anakiri alichofanya na hailazimishi injini. Mnunuzi apime ekseli kwa ekseli: meta 3.14 ni Super Sport, 2.88 ni ya mbio au imekatwa, basi atafute alama za kuchomelea na matundu ya riveti yaliyozibwa. Kisha sampu ishushwe. Zikihesabiwa beringi 4, hata klova iwe imepakwa vizuri vipi, bei ya RLTF asilipe.