Andikeni majina

Jumamosi tulikutana wakazi kama thelathini chini ya mwarobaini, mtaani kwetu huku Eastlands, Nairobi, kuzungumzia kile kiwanja tulichokiokoa mikononi mwa wanyakuzi. Tukakubaliana kiwe bustani, izungukwe na njia ya kabro ya kuwaenzi wanajeshi. Nilifurahi mno. Kisha mzee mmoja wa kamati akasema kuchonga majina yao kutaongeza gharama, tuchonge jiwe moja tu: "Mashujaa Wetu". Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilinigoma.

Nendeni Kenyatta Avenue mkawatazame wale askari na mpagazi wa shaba waliosimama pale tangu 1928. Chini yao imeandikwa, tena hata kwa Kiswahili, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Lizungukeni lile jiwe lote. Hakuna jina la askari hata mmoja. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakibeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilichobaki midomoni mwetu ni Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi, iliyogeuka Kariokor, tunakoenda kula nyama choma. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina.

Babu yangu alipigana Burma, Vita vya Pili vya Dunia. Kila tulipopita penye sanamu zile alivua kofia, akalitaja jina la rafiki yake aliyemzika huko. Tulilisikia mara nyingi hata tukadhani haliwezi kupotea. Babu ametutoka, na katika ukoo mzima hakuna anayelikumbuka. Mimi pia silikumbuki, na linaniuma.

Haya, herufi za kuchonga zina bei yake, nakubali. Basi benchi zipungue. Taa zingoje. Mtaani humu yuko mama aliyempoteza mwanawe El Adde, ile kambi ya jeshi letu Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab Januari 2016, naye hukatiza kiwanja hicho kila alfajiri akienda sokoni. Mnataka asome "Mashujaa Wetu", halafu amtafute mwanawe humo?

Kamati inakaa tena Jumamosi ijayo, saa nne. Nitakuja na daftari. Aliye na jina aniletee, la aliye hai na la aliyekufa: wa KAR, lile jeshi la mkoloni, wa msituni na Mau Mau, wa Somalia. Njooni na wazee wenu, tuyaandike wakiwa bado wanaweza kuyataja.