Tukikata bajeti ya kongamano, tuanze na sofa, si hema

Bajeti ya kongamano kubwa ikibanwa, za kwanza kufyekwa ni sebule za mada: hema la vijana, kona ya afya, banda la amani. Wanaozifyeka wana hoja. Mahema, viti, umeme na walinzi ni fedha ambazo zingemlipia nauli mjumbe asiye na mfadhili. Tena ukigawa sebule kwa mada, watu huishia kukaa na wanaokubaliana nao.

Hata hivyo, tazama Nairobi, Julai 1985. Serikali zilikutana KICC, jumba kuu la mikutano la jiji hilo, katika Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake. Jukwaa la mashirika ya kiraia, chini ya Nita Barrow wa Barbados, likajaza Chuo Kikuu cha Nairobi kwa watu zaidi ya 10,000. Hapo chuoni ndipo lilipopigwa Hema la Amani, turubai la mistari ya buluu na nyeupe. Ndani yake wanawake wa Kipalestina na wa Kiisraeli walikabiliana, wa Iran na wa Iraq vilevile, nchi zao zikiwa bado vitani.

Hasira zilikuwapo, na wapo wanaozihesabu kuwa kasoro. Mimi naziona ndiyo faida yenyewe. Ukumbini mjumbe hukaa nyuma ya kibao cha nchi yake, akasoma alichotumwa, dakika zake zikaisha. Hemani mtu alijisemea mwenyewe, na aliyetofautiana naye akamjibu papo hapo. Waandaaji hawakuchagua kundi wakalitengea sebule. Walichagua ugomvi, wakauwekea viti. Hoja ya watu kujitenga hapo inapungua nguvu sana.

Copenhagen, 1980, kwenye mkutano wa wanawake uliotangulia, waraka wa mwisho ulipigiwa kura na Marekani ikaupinga, kisa suala la Uzayuni, itikadi ya taifa la Wayahudi. Wa Nairobi ulipita kwa maafikiano. Hiyo ilikuwa kazi ya wanadiplomasia, Kenya ikiwa mpatanishi, na si haki sifa hizo kupewa hema.

Gharama nayo ina sura mbili. Uwanjani Kasarani, Nairobi, Januari 2007, kwenye Kongamano la Jamii Duniani, mkusanyiko wa wanaharakati, watu wa mitaa ya mabanda waliandamana kupinga kiingilio, na chakula cha ndani kilikuwa ghali. Uwanja ulikuwapo, nafasi tele. Bei ndiyo iliyowafungia nje. Kwa hiyo panga likipita, lipite kwenye sofa, maua na mabango ya wafadhili. Turubai na viti vya plastiki vibaki, karibu na lango, na chai ya bei ambayo mama wa mtaa wa mabanda wa Korogocho anaimudu.