Bibi wa Hawassa na Pumzi Zake

Misheni yetu ya wanafunzi ilikwenda Ethiopia. Subiri kwanza kucheka. Ndiyo, Ethiopia ileile ambayo mfalme wake Ezana aliupokea Ukristo katika karne ya 4, nasi vijana wa chuo kutoka Tanzania tukapanda basi kwenda kuwapelekea Injili. Kiongozi wetu alipoulizwa kuhusu hilo alisema tunakwenda "kuwatia moyo". Haya.

Tulipita Namanga, Nairobi, kisha ile lami isiyokwisha ya Marsabit hadi mpakani Moyale, miguu imevimba, viatu havivaliki. Mwisho tukafika Hawassa, mji wa kando ya ziwa. Saa wanazihesabu kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, kwa hiyo tukajiona tuko nyumbani. Kalenda ndiyo ilituchanganya: ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8. Kwa hesabu hiyo mimi nilipaswa kuwa darasa la saba, nasubiri mtihani.

Jumatano moja tukapelekwa kwa bibi mmoja Mworthodoksi, mama mzazi wa mwenyeji wetu. Sakafuni yametandazwa majani mabichi. Kahawa ikakaangwa mbele yetu, moshi wake ukapitishwa puani kwa kila mgeni, ikatwangwa, ikachemshwa kwenye jebena, ule mtungi mweusi wa udongo wenye shingo nyembamba. Tulishaonywa: kahawa huja mara tatu, abol, tona na bereka, na mgeni haondoki kabla ya bereka. Bisi zikaletwa za kusindikizia. Kiongozi akaninong'oneza, "Mdogo wangu, toa ushuhuda."

Nikasimama. "Bwana Yesu asifiwe! Mimi nimezaliwa Singida." Mkalimani akatafsiri. Bibi akavuta pumzi ghafla, "Hih!", kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

Nikashangaa. Singida imewakosea nini?

"Nilikuwa mwenye dhambi nyingi."

"Hih!"

Hapo nikapata moto. Unajua, ushuhuda wangu nyumbani hautikisi mtu. Wenzangu wana bangi na magenge, mimi nina nyama niliyodokoa jikoni kwa mama. Leo nimepata mtu anayeshtuka! Nikaongeza chumvi: sufuria ikawa kubwa, nyama ikawa ya wageni, mmoja wao mchungaji.

"Hih! Hih!"

"Kwetu tumezaliwa sita."

"Hih!"

Dada mmoja wa timu yetu, mwanafunzi wa uuguzi ambaye wote tulimwita Nesi, akanivuta shati. "Nyamaza wewe! Bibi kapaliwa na bisi!" Kabla sijafunga mdomo alishafika nyuma ya bibi, amemkumbatia kiunoni, anambana tumbo kwa ngumi kama walivyofundishwa darasani. Bisi zikatapakaa kwenye majani. Kiongozi akadhani ni mambo ya rohoni, akanyoosha mkono na kuanza kukemea. Tukamfuata kwa sauti, kila mtu na ombi lake. Mkalimani anapiga kelele, nani wa kumsikiliza?

Bibi ndiye aliyejiokoa. Akamshika Nesi kifundo cha mkono, akajichomoa, akageuka na kumtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Mjukuu wake mmoja alikuwa amelala chini kwa kicheko. Mkalimani, jasho likimtoka, akaeleza kwamba huku mtu akikuitikia "naam, nakusikia" anaweza kuvuta pumzi tu namna ile. Bibi alikuwa mzima wa afya na msikilizaji mzuri kuliko sisi sote.

Bibi akasema jambo. Mkalimani akanigeukia: "Anauliza, yule mchungaji alikula nini?"

Chakula kikaja. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mfungo hapakuwa na nyama, ila injera, ule mkate wao mpana na laini kama chapati, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu wenye pilipili ya kutosha. Kule mgeni anayependwa hulishwa tonge mdomoni, wanaita gursha, na ukubwa wa tonge ndio ukubwa wa mapenzi. Bibi akakunja injera, akaijaza shiro, akaikunja tena, akamwita Nesi. Lile tonge nadhani lilikuwa na mapenzi ya ukoo mzima. Nesi macho yakamtoka, machozi, pumzi haipandi wala haishuki. Bibi akamzunguka taratibu, akampiga mgongoni mara mbili, akarudi kwenye jebena yake. Ilikuwa bado tona.

Tuliporudi, ripoti ya misheni ilisomwa kanisani na kiongozi mwenyewe, sauti ikitetemeka: "Huko Hawassa, bibi mmoja mwenye shida ya kupumua aliombewa, na papo hapo akasimama!" Vigelegele vikalipuka. Sadaka ya safari ya mwakani ikapitishwa palepale, na Nesi akashikishwa kapu.