Kiungo Kinachofunguka Ndicho cha Kuogopwa

Wahandisi vijana wa programu, kuanzia Westlands hadi Ngong Road jijini Nairobi, wamechoshwa na wahariri wanaokataa viungo vya mtandaoni katika hati za kiufundi. Hoja yao ina uzito. Maelezo ya huduma nyingi za kompyuta siku hizi hayapatikani popote ila kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kosa likionekana asubuhi laweza kusahihishwa kabla ya jioni. Ukimlazimisha mtu anukuu kitabu cha miaka mitano iliyopita, unampa msomaji habari iliyochacha.

Lakini wahariri hao hawajaeleweka. Hudhaniwa ni wapenzi wa karatasi, kumbe wanamtetea mtu asiyekuwepo kikaoni: yule atakayeifungua hati miaka mitatu baadaye akitaka kuona kile kile alichokiona mwandishi.

Mwaka 2024, Pew Research Center ya Marekani ilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mimi hesabu hiyo inanisumbua kwa kile ilichokiacha nje. Imehesabu kurasa zilizotoweka. Ukurasa ambao bado upo, anwani ni ile ile, ila aya uliyoinukuu imeandikwa upya, huo huhesabiwa mzima. Na huo ndio unaoumiza. Kiungo kilichokufa humwambia mkaguzi atafute kwingine. Kilichobadilika humpa jibu jingine, naye hana sababu ya kulitilia shaka. Niliwahi kukagua hati ya mfumo wa malipo iliyotaka programu isubiri sekunde 30 kabla ya kurudia ombi, ikanukuu ukurasa wa mtoa huduma. Nilipoufungua, ukurasa ulisema 10. Siku mbili nzima tulimlaumu mwandishi, kumbe alikuwa amenakili sawasawa.

IETF, wanaoandika kanuni za intaneti yenyewe, walilitambua hili zamani. RFC, yaani hati yao ya kanuni yenye namba, ikishatolewa haibadilishwi. Marekebisho hutoka kwa namba mpya. Rasimu zao huisha muda baada ya miezi 6, na kila moja hubeba onyo kwamba isinukuliwe ila kama kazi inayoendelea.

Vijana watajibu kwamba dawa ipo: Wikipedia ina kiungo cha kudumu kwa kila toleo la makala, Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, hukipa kila kilichobadilishwa namba yake, na Wayback Machine huonyesha ukurasa ulivyokuwa siku fulani. Ni kweli, na mhariri anayekataa hata kiungo cha namna hiyo anakosea. Ila hati ninazoletewa zina anwani tupu, bila toleo wala tarehe. Tena Internet Archive, wenye hiyo Wayback Machine, walishambuliwa Oktoba 2024 na huduma ikazimika kwa siku kadhaa. Kurasa zinazofunguliwa kwa nywila ndizo hazifiki huko kabisa. Kwa hizo sisi huomba ruhusa ya mtoa huduma, tukaweka nakala ya PDF kando ya hati, tarehe ikiwa kwenye jina la faili.