"Dada, kwako inasoma ngapi?"

Ukiita gari kwa simu hapa Dar es Salaam, simu italia kabla gari halijasogea. Uko wapi? Unaelekea wapi? Keshi au kadi? Halafu lile swali lenyewe: "Dada, kwako inasoma ngapi?" Ukitaja bei isiyompendeza dereva, anavuta pumzi kidogo: "Ongeza buku mbili basi, foleni ya Mwenge si unaijua." Ukikataa, safari inakatwa, na wewe umesimama juani na mifuko yako ya Kariakoo.

Zamani nilikuwa nawalaani hao madereva. Siku hizi nawalaani kwa sauti ya chini.

Tunapenda sana kusifia jinsi kampuni hizi za kuita gari kwa simu zinavyokua. Mfano mzuri ni Bolt. Ilianza 2013 kule Tallinn, Estonia, nchi ambayo watu wake wote ni kama robo ya watu wa Dar. Mwanzilishi wake, Markus Villig, alikuwa na miaka 19, mtaji wake ni euro 5,000 alizokopa kwa wazazi, na madereva wa kwanza aliwafuata mwenyewe akiwabembeleza wajiunge. Hadi 2019, ilipobadili jina, sisi tuliijua kama Taxify. Kijana kahangaika, sina kinyongo naye.

Ila nauliza, kilichokua ni nini? Ni programu. Gari ni la mtu mwingine. Mafuta, bima, tairi, shokapu zinazokufa kwenye mashimo ya Goba, vyote ni vya mtu mwingine. Kampuni inaweza kuingia mji mpya bila kununua hata baiskeli. Na zikishakuwa mbili tatu mjini, zinagombania abiria kwa kushusha nauli, nasi tunashangilia punguzo tukidhani ni ukarimu wao.

Piga hesabu ya safari ya shilingi 8,000. Kamisheni ya kampuni, asilimia 25, inaondoka na 2,000. Hiyo 6,000 inayobaki bado haijaona kituo cha mafuta, na gari lenyewe, Toyota IST, mara nyingi si la dereva: jioni tajiri anataka hesabu yake, abiria wawepo wasiwepo.

LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, walijaribu. Mwaka 2022 walitaka kamisheni isizidi asilimia 15. Aprili ile Uber, mshindani wa Bolt, ikasimamisha huduma, na baadaye mwaka huohuo Bolt nayo ikawafungia abiria wa kawaida, ikabaki na wateja wa makampuni. Wakavutana, na kamba ikakatikia upande wa dereva: kamisheni ikarudi 25, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi barabarani. Wenzetu Kenya waliandika asilimia 18 kwenye kanuni zao mwaka huohuo wa 2022.

Mimi naona asilimia ni nusu tu ya ugomvi. Nusu nyingine ni nani anapanga nauli. Dereva hapangi, abiria hapangi, tunapangiwa wote. Kwa hiyo "inasoma ngapi" ni yale mapatano ya kijiwe cha teksi, yamefukuzwa mlangoni yakarudi kupitia dirishani.

Na msinielewe vibaya, kijiweni sirudi. Bei ya kule ilitegemea umevaa nini na saa ngapi. Mwanamke anayetoka kazini saa nne usiku anajua thamani ya kuona namba ya gari kwenye simu, na kumtumia dada yake ajue yuko wapi.

Juzi safari ya kwenda nyumbani ilisoma 7,500. Dereva akaomba 9,000, nikampa bila kubishana. Tulipofika hakuulizia nyota tano. Aliuliza kesho asubuhi natoka saa ngapi, ili nimpigie mwenyewe, "bila kuwasumbua wale."

Namba yake nimeisevu "IST Goba".